Mkojo wa Sonara

Baba yangu alikuwa sonara pale Musoma, enzi ya Mwingereza, na katika maisha yake sikupata kumwona akimwogopa mtu. Alichokiogopa kilikuwa chupa. Chupa yenyewe ya kawaida tu, ya kioo cheupe chenye kizibo cha mpira, aliyopewa hospitali ya serikali aijaze mkojo wake wa kutwa nzima pamoja na wa usiku, kisha airudishe. Alirudi nayo nyumbani ameificha ndani ya kanzu, akaipandisha juu ya kabati, akaigeuzia mgongo kama mgeni waliyekosana naye. Ilikaa pale hadi ikashika vumbi.

Mimi wakati huo nilikuwa mwanamke mzima. Nilikuwa nimeachika Bunda, nimerudi kwa wazazi na sanduku moja na ulimi ule ule ulioniachisha. Mume wangu alikuwa akilalamika kwamba namhoji kama karani wa kodi. Alisema kweli. Jambo nisilolielewa hunikaa kooni kama mwiba wa samaki, na siwezi kula wala kulala mpaka nimelitoa. Kwa hiyo baba alipokwenda hospitali niliomba kumsindikiza, na yeye, aliyenizoea, hakubisha.

Kilichompeleka huko ni mkono. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka anaposhika koleo, na sonara asiye na mkono hana kitu. Kipini cha pua kilimponyoka kikaingia majivuni. Bangili ya bi harusi ilitoka na mchoro uliokwenda upande. Aliacha hata kunywa chai mbele za wateja, maana kikombe kilikuwa kinamsema.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu aliyewahi kutibu wachimbaji wa dhahabu kule Buhemba, na swali lake la kwanza halikuwa juu ya mkono. Aliuliza kama baba anatumia zebaki. Baba akajibu kwamba ndiyo, sonara gani hatumii. Dhahabu ukiichanganya na zebaki hulainika ikawa kama uji mzito. Unaipaka juu ya bangili ya fedha, unaiweka bangili juu ya makaa, zebaki inaruka yote na dhahabu inabaki imeing'ang'ania fedha. Mteja anavaa fedha, majirani wanaona dhahabu, na kila mtu anafurahi.

Daktari akasema hiyo zebaki inayoruka haipotei. Inaingia puani na kushuka kifuani, kifua kinaipeleka kwenye damu, na damu inaipeleka kwenye figo. Figo ni chujio. Kile mtu alichokivuta kwa pumzi hushuka na kutokea kwenye mkojo, na huko kinaweza kupimwa. Kama mkono umeharibiwa na zebaki, mkojo utasema.

Baba alimtazama dresa, yule msaidizi wa hospitali aliyekuwa mwenyeji wa Nyegina, kana kwamba anamwomba amtafsirie kitu cha maana zaidi. Kisha akasema kwa upole kwamba pua na mkojo ni vijiji viwili na hakuna barabara kati yake. Dresa akacheka, na daktari naye akacheka. Akatuambia kwamba wapaka rangi wanaovuta harufu ya tapentaini kutwa nzima hukojoa mkojo unaonukia maua. Baba hakuamini hata chembe.

Mimi nilitaka kujua. Mtaani kwetu Kigera tulikuwa na jirani aliyepaka rangi meli na boti za gatini, mtu wa makamo, mcheshi, na jioni ile ile nikamwendea. Nilianza kwa kumsalimia mkewe, nikauliza hali ya watoto, nikazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, mwisho nikauliza. Mtu yule aliinamisha kichwa akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mkewe hakucheka. Alisema alipoolewa naye aliwahi kurudi kwao akidai mumewe ana mwanamke wa nje anayejipaka marashi, maana harufu ya maua aliisikia chooni kila siku ya kazi na hakuisikia siku za Jumapili. Wazee wa pande zote mbili walikaa kikao na hawakupata jibu. Niliporudi nyumbani nilikuwa na furaha isiyo kifani. Kumbe barabara ipo.

Nilimsimulia mama, naye akatabasamu bila kuniangalia. Hapo inanipasa nimweleze mama. Alikuwa Mzanaki wa Butiama, binti wa watu wa ng'ombe, aliyesilimu alipoolewa na baba, ambaye babu yake mzaa baba alikuja kutoka Tabora. Baba kwake tone la mkojo ni najisi, kanzu nzima hufuliwa. Mama alikulia kwenye boma ambako vibuyu vya maziwa husuuzwa kwa mkojo wa ng'ombe, maziwa yakanywewa na watoto wakanenepa. Wakati wa ujana wake alikuwa kipenzi cha soko la samaki. Wauza furu walimwita kwa mbali, yeye anawajibu kwa kejeli, wao wanamwongezea fungu. Ndivyo nilivyomwacha nilipoolewa.

Niliporudi kutoka Bunda nilimkuta mtu mwingine. Wageni wakibisha hodi alikimbilia jikoni. Sokoni akawa ananituma mimi. Ukimtazama usoni wakati anakula aliweka tonge chini na kufunika mdomo kwa kanga. Halafu alikuwa anawaka kwa jambo dogo, sufuria ikihamishwa mahali pake analia. Fizi zilikuwa zinamtoka damu, akasema ni mswaki. Sisi tulisema ni utu uzima, wanawake wakifika umri ule hubadilika. Shangazi mmoja alisema ni pepo. Mwingine akasema ni aibu ya talaka yangu, na hilo nililimeza.

Basi chupa ikawa juu ya kabati. Daktari alituma salamu kwa dresa akiiuliza, baba akasema anaandaa. Ukweli ni kwamba hakuchukia kukojoa tu. Aliogopa jibu. Mkojo ukisema zebaki, daktari atamkataza kazi, na mtu wa umri wake angeanza nini? Atauza mhogo? Alinieleza haya yote barazani kwa sauti ya chini, na nilimwonea huruma sana.

Mama alikuwa amesikia kutoka jikoni. Alitoka, akasimama nusu nyuma ya mlango kama ilivyokuwa desturi yake siku hizo, akasema:

"Chukua wa kwangu. Mimi hiyo zebaki nilikuwaga naiona kwa mbali tu, sijawahi hata kuishika. Watapima, watakuta safi, utaendelea na kazi yako."

Baba alisema astaghafirullah. Akasema huo ni uongo. Akasema pia kwamba haiwezekani mkojo wa mwanamke ukaitwa wa mwanamume. Mama akamjibu kwamba kwao Butiama ng'ombe jike na dume mkojo ni ule ule, na kwamba daktari hapimi uume, anapima zebaki. Nilicheka mwenyewe. Baba akatoka kwenda msikitini, na chupa aliiacha.

Aliporudi ilikuwa imekwisha kuanza kujazwa, na hakuitazama. Mimi ndiye niliyeipeleka hospitali ndani ya kikapu, nimeifunika kwa kitambaa cha mezani, nikakatiza katikati ya soko huku nikisalimiana na watu. Dresa akaipokea akaipongeza kwa kujaa vizuri.

Kipimo chenyewe hakikuwepo Musoma. Chupa ilipanda meli hadi Mwanza, na kutoka Mwanza ikapanda gari la moshi hadi maabara kule pwani. Mama alipoambiwa hivyo alicheka kidogo, jambo lililokuwa adimu. Alisema mkojo wake umesafiri kuliko yeye, maana yeye Mwanza yenyewe hajafika. Tukangoja. Baba aliendelea kufanya kazi kwenye baraza ya uani, mkono ukitetemeka asubuhi na kutulia mchana, na akaanza hata kuimba kaswida, maana moyoni alijua jibu litakuwa jema.

Siku tuliyoitwa, daktari alikuwa amefunga mlango wa chumba chake, jambo ambalo hakulifanya siku ya kwanza. Alisema majibu yamefika. Alisema katika wanaume wote aliowapima Buhemba, pamoja na wale waliokuwa wakichoma dhahabu kila siku, hajaona mkojo wenye zebaki nyingi kiasi hiki. Alichukua mikono ya baba akaigeuza. Akamfunua mdomo, akachungulia fizi. Fizi za baba zilikuwa nyekundu na nzima, meno meupe ya mtu asiyevuta sigara. Daktari akakunja uso.

Akasema pamoja na hayo hatangoja. Ipo dawa ya sindano, iliyotengenezwa wakati wa vita, na hospitali ya Musoma ilikuwa nayo kidogo sana, ya kumtosha mgonjwa mmoja. Ataanza kumdunga leo. Asipotibiwa, alisema, sumu hii humpeleka mtu kaburini polepole, akili ikitangulia.

Nilimtazama baba. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. Nilitaka kusema mimi, na mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka, lakini aliinua kidole kidogo kunizuia. Akamwuliza daktari swali moja: mtu mwenye mkojo kama huo anakuwaje?

Daktari akamjibu taratibu, dresa akimsaidia maneno. Mikono hutetemeka, lakini si lazima ianze mikono. Fizi huvimba na kutoa damu. Mate humjaa. Usingizi humkimbia. Hukasirika bila sababu na kulia bila sababu. Na kuna jambo moja la ajabu, alisema, ambalo madaktari wamelijua zamani: mgonjwa wa zebaki huwa na haya. Mtu aliyekuwa mchangamfu huanza kuwaogopa watu, hataki kutazamwa, hujificha akisikia mgeni.

Kila neno alilolitamka nilikuwa nimeliona jikoni kwetu, nikalipa jina jingine. Kikulacho ki nguoni mwako, nasi tulikuwa tumetafuta mpaka kwa mapepo.

Baba alivua kofia yake akaiweka magotini.

"Bwana Daktari," akasema, "mkojo ule si wangu. Ni wa mke wangu."

Dresa alitazama dari. Daktari hakuelewa, akarudiwa, akaelewa, na uso wake ukawa mwekundu. Alipiga meza kwa kiganja. Alisema mengi kwa Kiingereza ambayo dresa hakuyatafsiri, na baba aliyapokea yote ameinamisha kichwa. Alipotulia aliuliza mke huyo anafanya kazi gani na zebaki.

Baba akasema hafanyi kazi. Yuko nyumbani tu.

Kabla hatujaondoka daktari alitoa chupa nyingine, na baba akaanza kuijaza pale pale nyuma ya pazia, mimi na dresa tukisikia. Ilikwenda pwani nayo ikarudi na jibu: zebaki ipo, lakini ya kawaida kwa mtu wa kazi ile, na mkono ule ulikuwa unatetemeka kwa uzee kama ulivyotetemeka wa baba yake. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile lililokuwa likinisumbua ni moja. Mama hakuwahi kushika zebaki. Imempataje?

Daktari naye lilimsumbua, maana alikuja nyumbani kwetu na dresa wake alasiri hiyo hiyo. Baba akamwonyesha baraza ya uani anapochomea. Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma kama kawaida, unapeperusha majivu yote kuelekea shamba la jirani. Daktari akalowesha kidole akakiinua hewani, akatikisa kichwa. Mtu anayechomea hapa, alisema, nusu ya sumu yake inachukuliwa na upepo. Akauliza baba analala wapi. Baba analala dukani mbele, kama masonara wote, kulinda mali. Mama je? Mama analala chumba cha ndani.

Ndipo likanijia. Sonara hatupi takataka. Kila linalofagiwa mahali pa kazi lina chembe za dhahabu, na ndani ya chembe hizo mna matone ya zebaki. Kufagia ilikuwa kazi ya mama tangu ameolewa. Alikusanya vumbi lile, akalisuuza, akalitia kwenye debe, na debe likijaa analichoma jikoni, vitambaa na nywele na kila kitu, ili baba apate dhahabu iliyobaki. Kushika zebaki kwake ilikuwa kuishika mkononi kama baba alivyoishika. Kufagia hakukuhesabu. Wala sisi hatukuhesabu.

Nikawatangulia chumbani. Mama alikuwa amejibanza kwenye pembe, kanga imemfunika hadi macho. Chumba kilikuwa cha giza na joto, dirisha limezibwa kwa matambara kwa sababu ya wale wadudu wa ziwani wanaoingia kama wingu na kujaa kwenye vyakula. Nikainama, nikavuta debe kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa halina kifuniko, ili lipate kukauka. Na kitanda kilikuwa cha kamba, chenye mkeka mmoja tu juu yake.

Daktari alichuchumaa, akachokoa vumbi kwa kijiti. Vijitone vya zebaki vikatokeza, vikakimbizana ukingoni mwa debe, vizuri kuvitazama. Alieleza kwamba zebaki haihitaji moto. Joto la chumba linatosha kuifanya ipae kidogo kidogo, bila moshi wala harufu, na aliyelala juu yake huivuta hadi alfajiri. Nilisahau woga wangu kwa muda, nikamwuliza inapaaje bila kuchemka. Akanijibu kwamba hata nguo mbichi hukauka bila kuchemka. Jibu hilo nimelipenda mpaka leo.

Mama alilazwa hospitali siku hiyo. Sindano ile ilichanganywa na mafuta ya karanga, ilinuka kama kitunguu saumu kilichooza, na iliuma kiasi kwamba alimng'ata dresa mkono. Debe baba alilizika mwenyewe, mbali na ziwa kama alivyoagizwa, shimo refu kupita kimo chake, pamoja na dhahabu yote iliyokuwemo. Watu walimwona akichimba wakasema sonara amerukwa na akili. Mimi nililizibua dirisha.

Haikuwa kwamba mama alipona akawa yule wa zamani. Mikono ilibaki mizito kidogo, na jino moja liling'oka. Ila kabla mvua za vuli hazijaanza alinyoosha kanga yake akaenda sokoni mwenyewe, akarudi na kambare asiye na maana kwa sababu tu muuzaji alimchekesha. Nilimlaumu kwa samaki yule, na moyoni nililia kwa furaha.

Lakini ninalolikumbuka zaidi ni la wodini, katika siku zile za sindano. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao kando ya kitanda. Nilikuwa mlangoni na bakuli la uji. Mama alikuwa ameelekea ukutani, kwa kuwa bado alikuwa hawezi kutazamwa. Baba akamwuliza fizi zilianza kutoa damu lini. Akajibu ni tangu mimi niko Bunda bado. Na usingizi? Tangu wakati huo. Na mikono? Mikono nayo ilikuwa ikimtetemeka, alikuwa anaikunja ndani ya kanga.

"Mbona hukuniambia?" baba akasema. Sauti yake haikuwa ya kulaumu. Alikuwa anaomba kujua.

Mama akasema, bila kugeuka:

"Ningekwambia lini, mwenzangu? Kwa ile nyumba mkono wako ndio ulikuwaga mgonjwa. Hata hiyo chupa haikuletwa kwangu. Nilijitolea tu."

Baba alivuta kiti mpaka magoti yake yakagusa kitanda, akainama, akamwuliza leo ameamkaje. Mama akafikiri kwanza. Akaanza kumweleza kuanzia kichwani, akashuka taratibu, na baba akamsikiliza pale pale hadi adhana ya alasiri, na hata baada ya adhana.